Kumtafuta Bi Mwanakheri Kabla Baba Hajafika

Mama, dada Rehema, na nyote mnaokaa kwenye magogo nje ya kanisa baada ya ibada ili msomewe barua zangu: safari ninayoisimulia hapa ilianzia langoni pa shule yetu, barabara ya Pugu, ikapita Keko na Temeke, ikaishia Mwananyamala. Kutoka Gulwe, stesheni yetu ya Mpwapwa, kwa gari la moshi ni mbali zaidi, ila gari la moshi halijawahi kunichosha namna hii.

Sababu ya kuondoka ni barua ya baba iliyonifikia Jumatano. Aliandika: "Nitafika Jumapili kwa gari la asubuhi. Tutakwenda kula mbaazi kwa Bi Mwanakheri, mimi na wewe, pale chini ya saa ya ukutani nilipokuwa nikikaa enzi zangu. Nataka niwaone hao watu unaowachekesha." Niliisoma mara tatu, kisha nikagundua kuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni na kengele ya darasani imeshalia.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hamlijui. Hoteli ya Bi Mwanakheri, ile ninayowaandikia kila Jumamosi, sijawahi kula ndani yake hata siku moja.

Ilikuwa banda la makuti ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Kushoto kwake alikaa Mwarabu wa kahawa na sambusa, kulia mzee wa mihogo ya kuchoma. Lakini wanafunzi wote, na makarani, na mafundi waliokuwa wakipita, walikwenda kwa Bi Mwanakheri. Shida ilikuwa desturi yake. Mgeni akiingia mara ya kwanza, Bi Mwanakheri aligonga mwiko kwenye sufuria, hoteli nzima ikanyamaza, na mgeni akasimama kusema jina lake, kwao, na jambo moja la kuchekesha. Watu wakicheka, anapakuliwa. Wasipocheka, anasema jingine. Kuna kijana wa Songea inasemekana alisema manane, mpaka mchuzi wake ukaganda.

Mimi nilifika mlangoni mara nne. Mara ya nne nilishika hata mwimo wa mlango. Mwiko ukagongwa, nikakimbia, na nilipokuwa nakimbia ndipo walipocheka.

Baba naye kila barua aliuliza: "Umeshakwenda kwa Bi Mwanakheri?" Barua ya tano nikajibu nimekwenda. Nikasema nimesimama, nimesimulia habari za fisi aliyeingia kanisani siku ya mavuno akala kapu la matoleo, watu wamecheka, na Bi Mwanakheri amejifuta machozi kwa upindo wa kanga. Baba akajibu kwamba mmenifurahia sana, kwamba mama amesema, "Mungu mkubwa, Festo anasema mbele za watu." Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi? Harufu nilikuwa naijua, maana ilivuka barabara. Vyakula aliniambia Salumu, mwenzangu wa dawati. Mengine niliongeza mwenyewe.

Mwezi wa tatu wakaja wapimaji na kamba na vigingi, barabara ipanuliwe. Mwarabu akaondoka, mzee wa mihogo akaondoka, banda likavunjwa kwa siku moja. Waliokula mle kila siku walisikitika kidogo, kisha wakatafuta chai kwingine. Aliyelia ni mimi, tena chooni. Lakini katika barua zangu hoteli iliendelea kupika mpaka mwezi wa kumi. Mwezi wa tisa nilikula papa.

Ndiyo maana ilinibidi nimpate Bi Mwanakheri kabla ya Jumapili. Baba angenikuta nimesimama mbele ya barabara tupu, na kuanzia hapo hata nikimwandikia kwamba naumwa, angeuliza ushahidi.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Tulipewa ruhusa ya kutoka mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilikwenda na Salumu, mwenyeji wa Temeke, ambaye huzungumza kwa niaba yake na yangu. Alikuwa na baiskeli ya kaka yake, isiyo na breki.

"Mie naendesha, wewe kaa nyuma," aliniambia. "Nikisema miguu chini, weka miguu chini."

"Na ukisahau kusema?"

"Utajua mwenyewe."

Saa mbili, Keko. Salumu alikumbuka kuwa mbao za hoteli zilichukuliwa na fundi mmoja wa huko, Fundi Mrisho. Tulimkuta kando ya njia, amefukiwa na maranda mpaka vifundoni, anapiga randa mguu wa kitanda. Tukamwamkia.

"Marahaba. Vitanda, kabati, au mmekuja kushangaa?"

Salumu akaeleza. Fundi Mrisho akaweka randa chini, akaonyesha pembeni kwa kidevu. "Meza ile ndefu imekuwa vitanda viwili na kabati la bibi harusi. Benchi ndilo hilo limebaki. Sina moyo wa kulikata. Matako ya mji mzima yamelilainisha, mie nitafanya nini tena?"

Nikaomba kulikalia. Lilikuwa laini kweli, na upande mmoja lilikuwa limebonyea. Nikakaa pale katikati ya maranda, sina sahani, sina chai, na nikaona aibu, kwa sababu Fundi Mrisho alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Kwa kuwa alionekana mpole, nikathubutu kuuliza mwenyewe: "Na ile saa ya ukutani, Fundi?"

"Ameichukua mwenyewe. Ubao wa kuitundikia niliuchonga mie. Haikuwa saa ya zamani, aliinunua vita vilipokwisha. Na tangu siku hiyo ilikuwa saa tisa tu, asubuhi saa tisa, jioni saa tisa."

Nikahesabu moyoni. Baba alimaliza masomo yake ya ualimu hapa mjini kabla ya vita, mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Sasa alikaaje chini ya saa ambayo ilikuwa bado haijanunuliwa? Nikasema Fundi Mrisho amechanganya miaka. Watu wa maranda huchanganya miaka.

Alichokijua kuhusu Bi Mwanakheri ni kwamba amehamia kwa watu wake. "Nadhani Temeke," alisema. Tukaondoka.

Saa sita, Temeke. Shangazi yake Salumu alituambia kuna Bi Mwanakheri nyuma ya msikiti. Tulipofika tulikuta viatu vingi mlangoni. Salumu alipiga hodi moja tu.

"Karibuni, karibuni! Piteni ndani, msisimame juani. Nawisheni hao!"

Huku pwani, chakula kikishatandazwa, hakuna anayekuuliza shida yako. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshanawishwa na kukalishwa mkekani, mbele ya sinia la pilau, pamoja na wazee watatu. Salumu alinitazama kama kusema tule kwanza. Tukala. Lilikuwa pilau zuri mno, nisiwafiche, na nilikuwa katika tonge la sita au la saba nilipomsikia mtu chumba cha pili akimwombea marehemu.

Mzee aliyekaa kuliani kwangu akaniinamia. "Wanangu, nyie ni wa upande gani? Wa kuumeni au kwa mama?"

Nikamgeukia Salumu. Mdomo wake ulikuwa umejaa nyama. Tangu nimjue ilikuwa mara ya kwanza kushindwa kusema, na aliichagua saa hiyo.

"Mimi natoka Mpwapwa," nikasema.

"Mpwapwa!" Mzee akawageukia wenzake. "Jamani sikieni! Marehemu ana jamaa mpaka Mpwapwa! Na kijana huyu kapanda gari la moshi kuja kumsomea khitima!"

Wakanipa mikono. Mmoja akanikumbatia, akaniuliza nyumbani wameipokeaje habari. Nikasema wamesikitika. Ndiyo, mama, niliwasingizia nanyi, lakini naamini kama mngemjua mngesikitika.

Hapo akaja mwenye nyumba, mwanamke mrefu mwembamba, amejitanda kanga nyeusi. Salumu akameza nyama yake kwa taabu, akaninong'oneza: "Siye. Yule wetu mfupi, mnene."

Tukatoka naye ukumbini. Salumu akamweleza yote, na mimi nikawa natazama vidole vyangu vya miguu. Bi Mwanakheri wa Temeke akaweka upindo wa kanga mdomoni. Mabega yake yakatikisika, nikadhani analia.

"Mmekuja kutafuta mbaazi," alisema alipopata pumzi, "kwenye khitima ya kaka yangu?"

"Tusamehe, mama."

"Niwasamehe nini? Nyie angalau mmemwombea. Juzi alikuja karani mmoja na bakuli lake, akanitaka mchuzi. Jina hili litaniua." Akatuambia kuwa Bi Mwanakheri wa hoteli yuko Mwananyamala kwa mwanawe, nyumba ya madirisha ya kijani. Kisha akaita ndani: "Mfungieni na huyu kijana wa Mpwapwa, njia yake ndefu!" Nikatoka na pilau limefungwa kwenye jani la mgomba, na wazee wakinipungia mkono.

Saa nane na nusu, kupita Kinondoni. Ukishaacha Magomeni nyumba zinapungua, njia inakuwa mchanga mtupu kati ya mihogo na mikorosho. Kwenye mteremko Salumu alisema "miguu chini" tulipokuwa tayari tumo ndani ya mihogo. Mwenye shamba alitoka, akatuangalia, akaangalia mihogo, akasema, "Mmelala salama?" Mwingine angetupiga. Tulimwachia nusu ya pilau.

Saa tisa, Mwananyamala. Madirisha ya kijani tuliyaona kwa mbali, na Bi Mwanakheri alikuwa kibarazani anachagua mchele kwenye ungo. Nilimjua kabla ya kumwona uso. Nilimjua kwa sauti, kwa kuwa niliisikia kila siku kutoka ng'ambo ya barabara mpaka banda lilipovunjwa. Alikuwa anamkaripia kuku. Ukutani nyuma yake ilitundikwa saa, na kwa mara ya kwanza labda, ilikuwa inasema kweli.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," tukasema.

"Marahaba. Wewe nakujua, wewe ni Salumu, mla chapati tatu. Huyu mwenzio nani?"

Salumu akafungua mdomo. Bi Mwanakheri akamnyooshea mwiko. Sijui aliutoa wapi.

"Sikukuuliza wewe. Hoteli wameivunja, desturi hawakuivunja." Akagonga mwiko kwenye ungo, na kwa kuwa ungo haulii akagonga tena kwenye ndoo. Mkamwana wake akatoka jikoni. Watoto watatu wakaja mbio. Jirani akachungulia juu ya ua, akasema, "Ngojeni, nisubirini," akazunguka ili aone vizuri.

Nilitazama njia niliyotoka nayo. Magoti yaliniambia twende. Lakini baiskeli ilikuwa haina breki na kesho ilikuwa Jumapili. Nikasimama wima.

"Naitwa Festo," nikasema. "Natoka Mpwapwa." Kisha nikatafuta fisi wangu, yule wa kanisani, na sikumwona. Fisi alikuwa amekimbia. Kichwani hakukuwa na kitu isipokuwa mambo yenyewe yalivyo, nikayasema. Nikasema nimekula kwake miezi kumi bila kuingia. Nikasema mwezi wa tisa nilikula papa kwenye banda lililovunjwa mwezi wa tatu, na nikawaandikia nyumbani kwamba chumvi ilizidi kidogo. Nikasema saa sita mchana huu nimefanywa jamaa wa marehemu nisiyemjua.

Jirani ndiye aliyeanza. Alishika nguzo ya kibaraza. Kisha mkamwana, kisha watoto, ambao nadhani walicheka kwa sababu ya jirani. Bi Mwanakheri alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, vile vile nilivyowaandikia.

"Chumvi ilizidi!" alisema. "Mjukuu wangu, miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia chumvi imezidi, ila wewe ambaye hukula! Mlete baba yako kesho. Nitapika. Ndiye nani huyo baba yako?"

"Mwalimu Elia. Alikuwa akikaa chini ya saa, anachekesha watu."

Kicheko kikamwishia. Akatazama saa, akanitazama mimi. "Elia... Wachekeshaji wangu nawajua wote. Huyo simkumbuki." Alipoona sura yangu akaongeza: "Mlete tu. Majina huniponyoka, sura haziniponyoki."

Tulirudi shuleni dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Usiku nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba baba atagundua uongo wangu. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: kwamba yeye aliyetusimulia hoteli ile miaka yote, mpaka sisi watoto tukaijua kuliko nyumba ya babu, angefika na Bi Mwanakheri mwenyewe asimkumbuke.

Jumapili, saa tatu asubuhi, stesheni. Baba alishuka na kofia yake ya Pasaka na kibuyu cha asali alichomletea Bi Mwanakheri. Tulipanda basi mpaka Magomeni. Baba alisema habari za ile saa njia nzima. Tuliposhuka akauliza mbona tunaelekea porini.

"Amehama, baba. Hoteli imevunjwa."

"Lini?"

Mngekuwa nyie mngesemaje? "Mwezi wa tatu," nikasema.

Baba ni mwalimu wa hesabu. Alitembea hatua kumi. "Na papa wa mwezi wa tisa?"

"Nitakueleza tukifika."

Baba alihamisha kibuyu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kuanzia Kinondoni mpaka Mwananyamala nilimfuata nyuma nikiitazama kola ya shati lake.

Saa tano. Bi Mwanakheri alikuwa kibarazani. Baba alivua kofia, akaamkia. Bi Mwanakheri alimtazama kuanzia viatu mpaka utosi, hakuitikia hata marahaba, akainuka akaingia ndani. Baba akabaki amesimama na asali yake. Nilitamani ardhi ya Mwananyamala inimeze pamoja na mihogo.

Kisha dirisha la jikoni, ubavuni mwa nyumba, likafunguliwa. Mkono ukatoka na sahani ya mbaazi za nazi, maandazi mawili juu.

"Wewe mrefu! Njoo uchukue, naungua!"

Na baba akaenda. Hakufikiri, miguu ilimpeleka. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akainamisha kichwa, akaanza kula amesimama, mgongo ametupa sisi, kama mtu anayefanya hivyo kila siku. Alikuwa katika andazi la pili alipokumbuka kuwa mimi nipo.

"Miaka miwili!" Bi Mwanakheri alikuwa anatangaza kutoka ndani, na jirani alikuwa tayari amefika. "Miaka miwili alikula dirishani kwangu kama jogoo. 'Bibi, nipe hapa hapa, nina haraka.' Haraka gani, na akishamaliza anasimama saa nzima kusikiliza vichekesho vya walio ndani!"

Baba akageuka. Mbaazi zilikuwa kwenye masharubu. Nikamwona, mama, kama ambavyo sijawahi kumwona: alikuwa na sura yangu.

"Baba," nikasema, "na mimi sikuwahi kuingia. Nilikimbia mara nne."

"Mara nne?" Akafikiri. "Mimi sita."

"Na saa?"

"Saa nilisimuliwa na walimu waliosoma baada ya vita," alisema baba taratibu. "Niliipenda. Nikakaa chini yake."

Tulicheka mpaka Bi Mwanakheri akagonga mwiko kwenye fremu ya dirisha. "Basi! Leo hakuna anayekula nje. Mwanao jana amelipa deni la desturi. Wewe bado. Zunguka mlangoni."

Baba akazunguka. Mnaijua sauti yake kanisani, mnajua anavyosoma bila kutazama kitabu. Pale mlangoni alishika mwimo. Akakunja kofia, akaikunjua. Watoto walimkodolea macho. Nilidhani atakimbia mara ya saba, na nikajua kwamba akikimbia nitakimbia naye.

"Naitwa Elia," alisema, kwa sauti ndogo. "Natoka Mpwapwa." Akatazama ile saa, akatazama mkeka uliotandikwa chini yake. "Nimechelewa kidogo."

Jirani alianguka kabisa.

"Kaa," alisema Bi Mwanakheri, anajifuta macho.

Tulikaa chini ya saa, mimi na baba, tukala mbaazi, wali na papa. Chumvi ilikuwa sawa. Baba alisema sufuria ni lile lile, lakini ukila ndani ni tamu zaidi. Bi Mwanakheri akasema huo nao ni uongo. Watu wa dirishani aliwaongezea siku zote, maana aliwahurumia.

Jumatatu asubuhi baba anapanda gari la moshi kurudi, na karatasi hizi anazibeba yeye. Nilichojifunza ni kwamba kwa Bi Mwanakheri kusema kweli kunachekesha kuliko fisi, na kunachukua muda mfupi zaidi. Baba amekubali awasomee yote, nje ya kanisa kama kawaida. Isipokuwa pale pa dirishani. Hapo amesema atampa Rehema asome, yeye atakuwa na haraka kidogo.